Jinsi ya kulitafsiri neno "deceptively" bila kumtia mtu hatarini

Simu iliingia saa moja na nusu asubuhi, maji ya chai bado hayajachemka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, kwema?"

Alikuwa kijana anayesafisha bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Wiki ile nilikuwa nimewatafsiria vibao vyao vyote, kuanzia cha kufunga mlango hadi masharti ya chumba. "Samahani mwalimu, hiki kibao cha bwawani umeandika kina ni kirefu kuliko kinavyoonekana. Mimi nimesimama humu sasa hivi, maji yananifika kifuani."

Kiingereza nilichopewa kilikuwa kifupi: "Caution: pool is deceptively shallow." Nilikisoma mezani kwangu Dar es Salaam, bila picha wala vipimo, nikaamua kwamba bwawa linaonekana fupi kumbe refu. Sikumuuliza mtu. Nikaandika, nikatuma, nikalipwa. Kumbe bwawa lile limetandikwa vigae vya buluu iliyokoza, karibu na weusi. Sakafu haionekani, na mgeni akifika jioni anaona kama amesimama mdomoni mwa kisima, wakati kina chake ni sentimita 120 tu. Mtu akiamini kibao changu akajirusha kichwa mbele, anavunja shingo. Kibao kiling'olewa asubuhi ile ile, kabla mgeni yeyote hajaingia majini. Yule kijana namshukuru hadi leo.

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 19 kabla ya kuacha na kufanya tafsiri peke yake, na neno hili nilikuwa nimepishana nalo mara nyingi mno bila kulitazama usoni. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kulishika, nao ndio ninaoueleza hapa. Utamfaa mwanafunzi, mfasiri, na yeyote anayesoma matangazo ya Kiingereza akitaka kujua anauziwa nini.

Neno lenyewe linasema nini

"Deceptively" ni kielezi, na kazi yake ni moja: kukwambia kwamba macho na ukweli havikubaliani. Linaishia hapo. Kivumishi kinachofuata kinaweza kuwa kile ambacho macho yanakiona, au kile ambacho kipo kweli, na neno halikwambii ni kipi kati ya hivyo viwili.

Weka sentensi hizi mbili pamoja uone. "A deceptively simple recipe" ni pishi linaloonekana rahisi, lakini si rahisi. "A deceptively spacious house" ni nyumba inayoonekana ndogo, lakini ina nafasi tele. Kielezi ni kile kile. Kwenye pishi, urahisi ni wa uongo. Kwenye nyumba, nafasi ni ya kweli. Mwanafunzi akishika maana moja akaenda nayo kila mahali, nusu ya safari zake atafika mji mwingine.

Sababu iko kwenye namna neno lilivyoungwa. "Deceptive" asili yake ni Kilatini, kitenzi "decipere", na ndani yake mna "capere", yaani kukamata. Ni kunasa kwa mtego. Sasa ukisema kitu ni rahisi kwa namna ya kunasa, unaweza kumaanisha kwamba urahisi ndio chambo. Na ukisema kitu ni kikubwa kwa namna ya kunasa, unaweza kumaanisha kwamba ukubwa umejificha, macho yakanaswa yasiuone. Waingereza na Wamarekani wanaruka kutoka maana hii kwenda ile bila kujijua, kama sisi tunavyosema "kaa" bila kuwaza kama ni la moto, la pwani au la kitini.

Kwanza, liache "kwa udanganyifu"

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi, na programu za kutafsiri za kwenye simu zinalirudia kila siku. "Nyumba hii ni kubwa kwa udanganyifu." Isome kwa sauti. Harufu yake ni ya mahakamani: kuna mtu amedanganya, pengine fundi ameiba matofali, pengine dalali ameghushi ramani. Kiingereza hakikumtuhumu mtu. Nyumba imekaa tu, macho yetu ndiyo yaliyokosea.

"Kwa udanganyifu" au "kwa hila" iache kwa ajili ya "deceptively" inayofuata kitenzi cha mtu mwenye nia. "He answered deceptively": alijibu kwa hila. Hapo pana mtu na pana kusudi, na tafsiri inakaa sawa. Likitangulia kivumishi, sahau udanganyifu, fikiria macho.

Kipimo cha "kumbe"

Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza hakina la kulingana nalo, nalo ni "kumbe". Kumbe huja pale mtu alipokuwa anaamini jambo, mara ukweli ukajitokeza. Kwa hiyo kila ninapokutana na "deceptively", naandika pembeni sentensi mbili kamili, kwa kalamu na karatasi:

Ukiona utadhani ni X, kumbe si X.

Ukiona utadhani si X, kumbe ni X.

X ni kile kivumishi. Kisha najiuliza ni ipi inayoingia kwenye mazingira ya habari yenyewe. Kwa pishi: utadhani ni rahisi, kumbe si rahisi, au utadhani si rahisi, kumbe ni rahisi? Ya kwanza inakaa, kwa sababu ndiyo inayosemwa na watu wote wanaolitumia hivyo. Ningeifanya kazi hii ya dakika moja siku ile ya bwawa, ningegundua kwamba sentensi zote mbili zinakaa, na mfasiri akikuta zote mbili zinakaa hana ruhusa ya kuchagua. Anauliza.

Makundi ya vivumishi

Kwa kusoma na kuandika mifano kwenye daftari, nimeona vivumishi vinajipanga, ingawa si kwa ukuta wa zege.

Kundi moja ni la sifa ambazo mtu huzihukumu kwa kutupa jicho mara moja: "simple", "easy", "calm", "innocent", "gentle". Hapa kivumishi kiko upande wa macho, na ukweli ni kinyume. Fikiria chapati. Vitu vyake ni unga, maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta, na maelekezo yote yanaenea nyuma ya kiganja. Ukiyasoma utadhani ni kazi ya robo saa. Ingia jikoni sasa. Unga uukande hadi uwe laini kama ndewe ya sikio, uuache upumzike, usukume, upake mafuta, ukunje, uzungushe kama konokono, uache tena upumzike, kisha usukume mara ya pili kwa mkono mwepesi, maana ukikandamiza matabaka yanashikana na unatoa kitu kama ngozi ya ngoma. Mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka tisa, na chapati zake mimi sijazifikia. Hiyo ndiyo "deceptively simple". Nikiitafsiri nasema: "Kwa maelezo ni rahisi, ugumu wake uko mkononi."

Kundi jingine ni la sifa zinazopimika au zinazojulikana kwa kuingia ndani na kujaribu: "spacious", "roomy", "strong", "fast", "steep". Hapa kivumishi kwa kawaida kiko upande wa ukweli. Madalali wa nyumba wa Uingereza wamelipenda "deceptively spacious" kiasi kwamba kwao limekuwa kama salamu. Lakini sisi tunaijua nyumba ya namna hiyo kabla ya dalali. Nenda Kariakoo au Ng'ambo, utazame nyumba ya Kiswahili kutoka barabarani: mlango katikati, dirisha huku, dirisha kule, baraza mbele. Utasema ni vyumba viwili. Fungua mlango, ukumbi unakwenda mbele yako kama barabara, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na mwisho wake uani: jiko, choo, stoo, na kamba ya nguo yenye mashuka ya familia nne. Tafsiri yake: "Kwa nje utaiona ndogo, ingia ndani uone ilivyo kubwa."

Watangazaji wa mpira wa Kiingereza nao wana "deceptively quick". Ni yule mchezaji mrefu mwenye hatua ndefu, unaona kama anatembea, halafu beki anageuka anakuta ameshapitwa. Anaonekana mzito, kumbe ana mbio.

Kundi la tatu ndilo lililoniponza: "shallow", "deep", "small", "light", "heavy", "low". Haya huenda pande zote mbili. Na usidhani ni sisi wageni wa lugha tu tunaopotea. Wahariri wa American Heritage Dictionary ya Marekani waliwahi kuiuliza sentensi ya bwawa, "The pool is deceptively shallow", kwa jopo lao la watu wanaoishi kwa kuandika na kuhariri Kiingereza. Asilimia 50 walisema bwawa ni fupi kuliko linavyoonekana. Asilimia 32 walisema ni refu kuliko linavyoonekana. Asilimia 18 walisema haiwezekani kujua. Hao ni mabingwa wa lugha yao wenyewe. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale 32, tena bila kujua kwamba wengine wapo.

Muktadha unasaidia, hadi mahali fulani

Muulize aliyeandika alitaka nini. Muuzaji anasifu, kwa hiyo sifa nzuri ataiweka kwenye ukweli: nyumba ni kubwa kweli, begi lina nafasi kweli. Mhakiki wa mashairi anayesema "deceptively simple" naye anasifu, ila sifa yake ni ule uzito ulio chini ya urahisi. Anayeonya anaiweka hatari kwenye ukweli.

Hapo kwenye onyo ndipo bwawa linapokuwa gumu kuliko mfano mwingine wowote, kwa sababu hatari ziko mbili. Maji mafupi ni hatari kwa anayejirusha. Maji marefu ni hatari kwa asiyejua kuogelea. Onyo linaweza kuwa kwa huyu au kwa yule, na sentensi ni moja.

Fizikia nayo inaongeza utata. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda, ndiyo maana kijiko ndani ya glasi kinaonekana kimevunjika. Kwa sababu hiyo sakafu ya bwawa huonekana iko juu kuliko ilipo. Ukitazama wima kutoka juu, mita 2 za maji masafi zitaonekana kama mita 1.5, na ukitazama kwa upande zinaonekana fupi zaidi. Kwa hiyo bwawa la kawaida lenye vigae vyeupe huonekana fupi kuliko lilivyo, na nilipotafsiri kile kibao nilikuwa na fizikia upande wangu. Vigae vya giza vikaipindua hesabu yote, kwa sababu pasipoonekana sakafu, akili hujaza kina chake yenyewe. Nilipokwenda kuona mwenyewe, nilishusha mti wa wavu wa kuokotea majani. Ulizama kidogo tu ukagonga chini, na mimi niliyekuwa nimeshaambiwa vipimo bado nilishtuka.

Meneja, mama mtu mzima, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwalimu, unaniambia Kiingereza chetu ndicho kibovu?"

"Kwa kitabu si kibovu, mama. Kwa kibao ni kibovu."

Tukabadilisha vyote viwili. Kiingereza kikawa "Depth 1.2 m. Shallower than it looks. No diving." Kiswahili kikawa: "Kina: sentimita 120. Maji ni mafupi kuliko yanavyoonekana. Usijirushe kichwa mbele." Namba inatangulia. Namba haina pande mbili.

Maneno ya kulitafsiria

Usitafute neno moja, halipo. Kiswahili hutaka pande zote mbili zisemwe, kinachoonekana na kilichopo, na huo ni utajiri. Kwa vitu vya vipimo, "kuliko inavyoonekana" inatosha: mlima ni mkali kuliko unavyoonekana, sanduku ni jepesi kuliko linavyoonekana. Kwa masimulizi, tumia "ukiona utadhani... kumbe". Kwa maandishi yenye adabu kidogo, "kuhadaa macho" ni nzuri sana: "bahari ilihadaa macho kwa utulivu wake". Kwa mazungumzo, "usimwone hivi": "Usimwone mwembamba hivi, anabeba gunia la mchele peke yake."

Methali zimo pia, ila zichague kwa jicho. Kwa kitabu kinachosifiwa kuwa "deceptively simple", nimewahi kuandika "usione vyaelea, vimeundwa", na mhariri akaikubali mara moja. Aliyesimama Nungwi akawatazama mafundi wakiunda jahazi ufukweni anajua inasema nini: jahazi likishaelea, nani anakumbuka misumari, au mtu aliyekaa juani siku nzima akisokota pamba ya kalafati kwenye kila mwanya wa mbao? Kwa mtu aliyenyamaza ambaye ana makali yake, "kimya kingi kina mshindo mkuu". Kwa kitu kizuri kwa nje ambacho ndani hamna kitu, "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Hii ya mwisho usiitumie kwenye sifa, utamuudhi mwenye mali.

Tahadhari moja juu ya "rahisi". Kwetu neno hili ni la ugumu na ni la bei. Nikiandika "simu inayoonekana rahisi", msomaji wa Manzese anaelewa simu ya bei ya chini. Kwa "deceptively simple" ya kifaa, sema "isiyo na mambo mengi kwa kuiangalia". Na "deceptively cheap" ni jambo lake mwenyewe: bei inaonekana nafuu, gharama iko mbele. Nilinunua mashine ya kuchapisha kwa bei ya kufurahisha, na wino wa mara ya pili ulipokwisha nilikuwa nimeshalipa zaidi ya bei ya mashine. Nafuu ya macho, hasara ya mfuko.

Majirani zake

"Seemingly" ni "inaonekana" tu, haikuahidi kwamba ukweli ni kinyume. "Surprisingly" ni salama kabisa, kivumishi chake ni kweli daima: "surprisingly spacious" ni kubwa, na umeshangaa. "Apparently" wanafunzi wangu walipenda kuifanya "dhahiri". Mara nyingi ni "inavyoonekana" au "inasemekana", yaani msemaji mwenyewe hana uhakika. Kuchanganya hilo katika habari ya gazeti ni kumfanya mtuhumiwa awe mkosaji.

Ukiandika Kiingereza wewe mwenyewe, "deceptively" liweke kwenye hadithi, uhakiki na mazungumzo, mahali ambapo msomaji akikosea hapotezi kitu. Kwenye maji, umeme, dawa, mkataba na bei, andika "looks... but is...". Ni maneno mengi zaidi, na yanastahili nafasi yake.

Jaribu mwenyewe

Chukua hizi, uzipitishe kwenye kipimo cha kumbe kabla ya kuendelea kusoma: "The exam was deceptively easy." "The path is deceptively steep." "The sea was deceptively calm." "A deceptively light suitcase."

Mtihani: maswali yalionekana mepesi, yana mitego. Njia: ukiitazama utadhani tambarare, miguu ndiyo itakayokwambia. Bahari: shwari kwa juu, mkondo unavuta chini, wavuvi wa mkondo wa Pemba hawahitaji kufafanuliwa.

Sanduku lilikuja mezani kwangu mwezi uliopita kwenye tangazo la duka moja. Niliandika sentensi zangu mbili, zote zikakaa. Tangazo husifu, kwa hiyo ningeweza kubahatisha kwamba ni jepesi kweli. Sikubahatisha. Nikamwandikia mteja: naomba picha na uzito. Picha ikaja, sanduku kubwa jeusi lenye pembe za chuma, la kumtisha mchukuzi, na chini yake ameandika kilo 2.3. Nikaandika: "Ukiliona utadhani zito. Lina kilo 2.3 tu."